Kiglagoliti au Kikirili: uanze na ipi kati ya alfabeti mbili za kale za Waslavi?

Jina ndilo linalowapoteza watu mlangoni. Alfabeti tunayoiita Kikirili, ile ya Warusi, Wabulgaria na Waserbia wa leo, haikutungwa na Kirilo. Aliyoitunga yeye ni Kiglagoliti, na jina la Kiglagoliti halimtaji kabisa. Limetokana na neno la Kislavi glagolъ, yaani usemi (ъ ni vokali fupi sana). Mwaka 1047 kasisi mmoja wa Novgorod, Upyr Likhoi, aliacha maandishi mafupi akieleza kwamba amenakili kitabu chake "kutoka kurilovitsa", mwandiko wa Kirilo. Nakala zilizotokana na kazi yake ni za Kikirili, lakini ndani yake mmeponyoka herufi za Kiglagoliti hapa na pale. Maana yake ni kwamba katika karne ya 11 "mwandiko wa Kirilo" bado ulikuwa Kiglagoliti, na yeye alikuwa akiugeuza kuwa wa aina nyingine. Jina lilimhamia mdogo mtu, yaani Kikirili cha leo, baadaye.

Ulinganisho huu ni wa watu wa aina tatu: anayetaka kusoma maandishi ya kale ya Waslavi, anayetaka kujua kama kweli kuna msalaba na Utatu ndani ya maumbo ya herufi, na anayetaka kutumia herufi hizo kwenye bango la kanisa, jalada la kitabu au pete. Mwenye haraka achukue jibu hapa: kwa kusoma, anza na Kikirili cha kale. Kwa dini iliyomo ndani ya umbo la herufi, Kiglagoliti ndicho chenye la kusema. Kwa dini iliyomo katika matumizi, yaani vifupisho vitakatifu, tarakimu na majina ya herufi, zote mbili zina utajiri, ila Kikirili kina maandishi mengi zaidi ya kujifunzia.

Zilikotoka

Kiglagoliti kina mwandishi, mahali na sababu. Karibu mwaka 862 Rastislav, mtawala wa Moravia Kuu, alimwomba Kaisari Mikaeli III wa Konstantinopoli amletee walimu wanaoweza kufundisha imani kwa lugha ya watu wake. Mapadri Wafranki waliokuwako huko walisali kwa Kilatini. Kaisari akawachagua ndugu wawili kutoka Thesalonike, mji ambao watu wake walikisikia Kislavi kila siku: Konstantino na kaka yake Methodio. Kalenda ya Kikatoliki huwaita Sirili na Metodi. Konstantino alipata jina la Kirilo mwisho kabisa wa maisha yake, alipovaa umonaki Roma mwishoni mwa mwaka 868. Alifariki tarehe 14 Februari 869 na kuzikwa katika kanisa la San Clemente. Kazi yote ya kutunga herufi aliifanya akiitwa Konstantino.

Kitabu cha maisha yake kinasimulia kwamba alipomaliza herufi aliandika kwanza maneno ya Injili ya Yohana, "Hapo mwanzo kulikuwako Neno". Kwa Kislavi cha kale: iskoni bě slovo. Hilo slovo, neno, ndilo pia jina la herufi S. Tutalirudia.

Alipopita Venisi akakutana na maaskofu na mapadri waliodai kwamba Mungu husifiwa kwa lugha tatu tu, Kiebrania, Kigiriki na Kilatini, kwa kuwa ndizo Pilato alizoziandika juu ya msalaba. Konstantino aliwauliza kama mvua ya Mungu haiwanyeshei wote sawasawa, na kama jua haliwaki kwa wote. Papa Adriano II akavipokea vitabu vya Kislavi na kuviweka wakfu katika kanisa la Santa Maria Maggiore. Ukitaka kuelewa kwa nini mtu angejichosha kutunga herufi mpya kabisa badala ya kuazima za Kigiriki, ugomvi huo wa lugha tatu ni mahali pazuri pa kuanzia. Lugha iliyonyimwa heshima ya madhabahuni ilipewa mwandiko usiodaiwa na Mgiriki wala Mlatini.

Kikirili kilizaliwa kwa njia nyingine. Methodio alifariki mwaka 885, Papa Stefano V akaipiga marufuku ibada ya Kislavi, na wanafunzi wa Methodio wakafukuzwa Moravia. Klementi, Naumu na Angelari wakakimbilia Bulgaria kwa mtawala wake, Boris. Klementi alikwenda upande wa Ohrid, ambako Kiglagoliti kiliendelea kwa muda mrefu. Huko Preslav, mji mkuu mpya chini ya Simeoni kuanzia 893, makarani walikuwa wamezoea Kigiriki tangu zamani. Hata khani zao za kipagani, yaani watawala wa zamani, waliandikisha mawe kwa Kigiriki. Makarani hao walichukua herufi kubwa 24 za vitabu vya ibada vya Kigiriki, wakaongeza za sauti ambazo Mgiriki hana: Б, Ж, Ц, Ч, Ш, Щ, Ъ, Ь, Ѣ, na za vokali za puani, Ѧ na Ѫ. Ш, yaani sh, ilitoka moja kwa moja katika Kiglagoliti Ⱎ, ambayo nayo inafanana na shin ya Kiebrania.

Msomaji wa Kiswahili ana mfano wa karibu. Waliotunga tenzi za pwani kwa herufi za Kiarabu walikutana na p, v na ch zisizo na herufi, wakaazima umbo na kuongeza nukta. Hiyo ndiyo njia ya Kikirili. Kiglagoliti ni kama yule ambaye angekataa Kiarabu na Kilatini vyote na kukaa chini kuchora zake.

Ipi ni ya kwanza? Ushahidi mkubwa uko kwenye ngozi zilizofutwa na kuandikwa upya. Zipo zenye Kikirili juu ya Kiglagoliti kilichokwanguliwa, kwa mfano Injili ya Boyana. Kinyume chake hakijaonekana. Ukiongeza jina alilolitumia Upyr Likhoi na makosa ya tarakimu tutakayoyaona chini, Kiglagoliti ndicho kaka.

Msalaba, duara na pembetatu: tuamini kiasi gani?

Hapa ndipo wasomaji wengi wanapokuja, na ndipo penye porojo nyingi. Nadharia zenye uzito ni chache.

Ya kwanza ni ya Mwingereza Isaac Taylor, karne ya 19: Kiglagoliti kimetoka katika mwandiko wa mkono wa Kigiriki, ule wa haraka wenye kuunganisha herufi. Vatroslav Jagić, bingwa wa Kislavi wa zama hizo, aliiunga mkono. Nguvu yake ni kwamba inaeleza vizuri herufi kadhaa zenye vitanzi. Udhaifu wake ni kwamba inabidi uikunje sana ili ieleze herufi ya kwanza, na haina jibu kwa Ⱎ.

Ya pili ni ya Mfini Georg Tschernochvostoff, katikati ya karne ya 20. Yeye alisema mtungaji alitumia maumbo matatu matakatifu: msalaba wa Kristo, duara la umilele usio na mwanzo wala mwisho, na pembetatu ya Utatu. Angalia Ⰰ, azъ: ni msalaba ulioongezwa vijipembe kwenye mikono. Kisha angalia Ⰻ, i, na Ⱄ, slovo: kila moja ni duara na pembetatu zilizounganishwa, na ukiipindua moja juu chini unapata nyingine. Hizo mbili, i na s, ndizo kifupisho cha jina la Yesu kwa Kislavi, Isusъ. Aliyeingia kanisa la Kiorthodoksi Nairobi au Kampala amekwisha kuona ndugu yake wa Kigiriki, IC XC, pembeni ya kichwa cha Kristo kwenye ikoni.

Kwa herufi hizo tatu nadharia ya Tschernochvostoff inashinda bila taabu. Alfabeti inaanza na msalaba, na jina la Mwokozi limeandikwa kwa maumbo mawili yanayotazamana kama kwenye maji. Ni vigumu kusema ni bahati nasibu, hasa kwa kazi ya mwanateolojia. Tatizo huja mtu anapotaka kila herufi iwe hivyo. Ukifika kwenye Ⰳ (g) au Ⱂ (p) unalazimika kuona pembetatu ambapo mkono wa mwandishi haukuchora pembetatu. Sisi tungesema hivi: tumia nadharia ya pili kwa azъ, i na slovo, ya Taylor kwa baadhi ya herufi zenye vitanzi, na Kiebrania kwa Ⱎ. Mtu mmoja msomi aliyejua lugha kadhaa hakulazimika kuchota kisima kimoja.

Halafu kuna hadithi mbili za kuepuka. Wakroati waliamini kwa karne nyingi kwamba herufi ni za Mtakatifu Yeromu, na Papa Inosenti IV aliitaja asili hiyo alipomruhusu askofu wa Senj, mwaka 1248, kutumia Kislavi ibadani. Yeromu alifariki mwaka 420, zaidi ya karne nne kabla. Lakini hadithi iliwafaa: mwandiko wa Methodio ulishukiwa Roma, mwandiko wa Yeromu haungeweza kushukiwa. Nyingine ni ya siku hizi, kwamba Kiglagoliti ni "runi", yaani herufi za kuchonga za kipagani, za Waslavi. Mtawa wa Bulgaria anayejulikana kama Chernorizets Hrabar, aliyeandika utetezi wa herufi za Kislavi, anasema wazi kwamba kabla ya hapo Waslavi hawakuwa na vitabu. Walihesabu na kupiga ramli kwa mistari na mikato. Mikato si alfabeti.

Huyo Hrabar ana teolojia yake ya herufi, tofauti na ya maumbo. Anasema herufi za Kigiriki zilitungwa na Wahelleni wapagani, za Kislavi na mtu mtakatifu, hivyo zina heshima zaidi. Anazihesabu 38: 24 kwa kufuata Kigiriki, 14 kwa usemi wa Kislavi. Na kuhusu azъ anasema Mungu aliitoa iwe ya kwanza kwa sababu hutamkwa kinywa kikiwa wazi kabisa, ili mwanafunzi afungue kinywa chake kwa maarifa. Nakala ya kale kabisa ya maandishi yake iliyotufikia ni ya 1348.

Majina ya herufi

Majina ni yaleyale katika alfabeti zote mbili, kwa hiyo hapa hakuna mshindi. Azъ ni "mimi", buky "herufi", vědě "najua". Zikisomwa mfululizo zinaleta "mimi najua herufi", na pengine hilo lilikusudiwa. Ukiendelea, glagoli "sema", dobro "jema", estъ "yupo" nazo zinakaa vizuri. Wapo wanaosukuma hadi mwisho na kupata ujumbe wa siri wa sentensi kumi. Baada ya nusu ya alfabeti majina mengi ni ya sauti tu, na "tafsiri" hizo hutegemea kuchukua maana ya Kirusi cha leo. Kishawishi hicho ukiache.

Kinachoaminika ni sala za kialfabeti, ambapo kila mstari huanza na herufi inayofuata. Inayojulikana zaidi hunasibishwa na Konstantino wa Preslav, mwishoni mwa karne ya 9: "Azъ slovomь simь moljǫ sę Bogu", mimi kwa neno hili namwomba Mungu. Mtunzi wa tenzi anayeanzia alifu hadi yee angempa mkono.

Tarakimu: mahali ambapo tofauti inauma

Alfabeti zote mbili hazina tarakimu zake. Herufi ndizo namba. Lakini hazihesabu sawa.

| Jina | Kiglagoliti | Thamani | Kikirili | Thamani |
|---|---|---|---|---|
| azъ | Ⰰ | 1 | А | 1 |
| buky | Ⰱ | 2 | Б | haina |
| vědě | Ⰲ | 3 | В | 2 |
| glagoli | Ⰳ | 4 | Г | 3 |
| dobro | Ⰴ | 5 | Д | 4 |
| estъ | Ⰵ | 6 | Є | 5 |
| kako | Ⰽ | 40 | К | 20 |
| ljudie | Ⰾ | 50 | Л | 30 |
| myslite | Ⰿ | 60 | М | 40 |
| slovo | Ⱄ | 200 | С | 200 |

Konstantino alizihesabu herufi zake kwa mpangilio wake mwenyewe bila kuruka. Waliotunga Kikirili walibaki na hesabu ya Kigiriki, ambamo beta ni 2. Hivyo В ikachukua 2, na Б, ambayo Mgiriki haijui, ikakosa thamani. Ж nayo haina. Kuanzia 100 hadi 600 alfabeti zinakubaliana, jambo linalomfanya mnakili alale usingizi mahali pabaya. Akikuta Ⰽ, siku 40 za mfungo, akaigeuza herufi kwa herufi kuwa К, mfungo umekuwa wa siku 20. Makosa ya aina hiyo katika vitabu vya Kikirili huonyesha kwamba kilichonakiliwa kilikuwa Kiglagoliti.

Namba 11 hadi 19 huandikwa kwa kutanguliza kidogo, kinyume cha "kumi na mbili" yetu: Mslavi husema "mbili juu ya kumi" na huandika hivyo. Kwa Kikirili 12 ni ві. Kwa Kiglagoliti ni Ⰱ ikifuatiwa na i. Maelfu ya Kikirili huwekewa alama ҂ mbele.

Mawe mawili yakiwekwa pamoja

Tofauti hizi zote unaziona ukisimamisha mawe mawili ubavu kwa ubavu.

La kwanza ni la Kikirili, jiwe la Samuili, lililotoka kijiji cha German karibu na ziwa Prespa, ambacho leo ni Agios Germanos, Ugiriki. Kona yake moja imevunjika. Linasema: kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, mimi Samuili, mtumwa wa Mungu, naweka kumbukumbu ya baba na mama na ndugu juu ya misalaba hii. "Mimi" hapo ni азъ. Mwishoni kuna tarehe ҂ѕфа: ҂ѕ ni 6000, ф ni 500, а ni 1, yaani mwaka 6501 tangu kuumbwa ulimwengu. Toa 5508 upate 993; kama ni kati ya Septemba na Desemba toa 5509, kwa sababu mwaka wa Kibizanti ulianza tarehe 1 Septemba.

Hilo la kutoa miaka si la kupuuzwa. Hrabar anasema herufi zilitungwa mwaka 6363. Ukitoa 5508 unapata 855. Ukitumia hesabu ya Aleksandria, yenye 5500, unapata 863, inayopatana na safari ya Moravia. Anayekuta 855 na 863 katika vitabu viwili tofauti asidhani mmoja kakosea kuchapa.

Jiwe la pili ni la Kiglagoliti, bamba la Baška, la mwaka 1100 hivi, kutoka kanisa dogo la Mtakatifu Lusia huko Jurandvor, kisiwa cha Krk, Kroatia. Lina urefu wa karibu mita 2 na kimo cha karibu mita 1, na liko Zagreb katika Akademia ya Sayansi na Sanaa. Kanisani kumewekwa nakala. Nalo linamtaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, nalo linasema "azъ": mimi, abate Držiha, niliandika haya, kuhusu ardhi aliyoitoa mfalme Zvonimir kwa Mtakatifu Lusia. Kisha linakuja onyo kwa atakayekana: alaaniwe na Mungu, na mitume 12, na wainjili 4, na Mtakatifu Lusia.

Namba hizo zimeandikwa kwa herufi. Mitume ni b na i. Wainjili ni g. Msomaji aliyezoea Kikirili atakwama kwenye b isiyo na thamani, halafu atahesabu g kuwa 3 na kumpoteza mwinjili mmoja. Hakuna somo fupi zaidi la tofauti ya alfabeti hizi.

Ukitaka kusoma

Anza na Kikirili cha kale hata kama moyo uko kwenye Kiglagoliti. Nusu ya kazi itakuwa imefanyika, kwa kuwa sauti, majina, vifupisho na msamiati ni vilevile.

Siku za kwanza shughulika na herufi zinazodanganya jicho la msomaji wa Kilatini: В ni v, Н ni n, Р ni r, С ni s, na Х ni kh kama ya "sabalkheri". Watu hawashindwi na Ж. Wanashindwa na Р, kwa sababu wanadhani wanaijua. Ш na Ч zitakufurahisha, sh na ch zikipata kila moja herufi yake. Щ katika maandishi haya isome sht, si kama Warusi wa leo. Ъ na Ь ni vokali fupi sana. Usiziruke, maana ukiziruka maneno yanagongana. Ѧ na Ѫ ni en na on za puani.

Kisha jifunze titlo, kile kimstari cha mawimbi juu ya neno. Ukikiona, ama ni namba ama ni neno takatifu lililofupishwa: бг҃ъ ni Bogъ, Mungu, іс҃ ni Yesu, гь҃ ni Gospodь, Bwana. Anayesoma бг҃ъ kama neno geni na kulitafuta kwenye kamusi atalala nalo. Ufupisho huu haukuwa wa kubana nafasi tu; jina takatifu lilipewa umbo lake, kama waandishi wa Kigiriki walivyofanya kabla.

Maandishi ya kwanza yawe Yohana 1:1, kwa sababu unajua kinachosemwa: Искони бѣ слово. Ukiisha kuisoma bila kusita, iandike kwa Kiglagoliti: Ⰻⱄⰽⱁⱀⰻ ⰱⱑ ⱄⰾⱁⰲⱁ. Tazama herufi mbili za kwanza. Ni ile jozi ya duara na pembetatu. Neno iskoni linaanza nayo kwa tahajia tu na hatulijengei hoja, ila jicho halikosi kulisimamia.

Katika Kiglagoliti makosa ya wanaoanza ni ya kupindua. Ⰲ na Ⰴ, v na d, ni umbo moja lililogeuzwa juu chini. Ⰻ na Ⱄ vivyo hivyo. Jifunze jozi hizo siku moja, zikiwa pamoja, usizitenganishe. Ⱑ hubeba sauti mbili, ě na ja, ambazo Kikirili hutenganisha kwa Ѣ na Ꙗ. Jambo jingine lisilosemwa mara nyingi: katika hati za zamani herufi hazikai juu ya mstari, zinaning'inia chini yake kama nguo kwenye kamba. Usipolijua hilo utaanza kusoma nusu ya mstari usio wako.

Maandishi ya kusoma: kwa Kiglagoliti cha duara, hati za Injili ziitwazo Zograf, Marianus na Assemanius, na Kurasa za Kiev, karatasi 7 za karne ya 10 zenye sala za madhehebu ya Roma. Kwa Kikirili, hati ya Suprasl yenye karatasi 285, iliyogawanyika kati ya Ljubljana, Warsaw na St. Petersburg, na Injili ya Ostromir ya 1056 na 1057.

Ukitaka kuitumia kwa mchoro au maandishi

Amua kwanza mwaka na mahali. Kiglagoliti cha duara ni cha Bulgaria, Makedonia na karne za mwanzo. Chenye pembe kali ni cha Kroatia, na ndicho kilichochapa Misale ya tarehe 22 Februari 1483, kitabu cha kwanza cha Wakroati kupigwa chapa. Kuandika sala ya Klementi wa Ohrid kwa pembe za Kroatia ni kama kuandika utenzi wa Lamu kwa herufi za gazeti. Kompyuta haikusaidii kutofautisha: mitindo yote miwili ina namba zilezile za Unikodi, mfumo unaoipa kila herufi namba yake, 2C00 hadi 2C5F, na tofauti iko kwenye fonti pekee.

Kama unataka alama ya imani ionekane kwa asiyejua kusoma, chagua Kiglagoliti: Ⰰ peke yake inatosha kuwa msalaba, na Ⰻⱄ inatosha kuwa jina. Wakroati wameitumia vizuri kwenye senti zao za yuro za 1, 2 na 5 tangu Januari 2023, herufi mbili za Kiglagoliti zikisimama badala ya HR. Kama unataka waumini Waslavi walisome bango lenyewe, chagua Kikirili. Mserbia au Mbulgaria wa kawaida hasomi Kiglagoliti.

Kwa Kikirili cha kale kosa la kawaida ni kuingiza herufi za kisasa. Я ilipata umbo lake katika mwandiko wa kiserikali wa Petro Mkuu, mtawala wa Urusi, wa 1708 hadi 1710. Ё ni ya mwisho wa karne ya 18. Ukizikuta kwenye "maandishi ya karne ya 10" ujue yamepigwa kwa kibodi ya Kirusi. Kibodi hiyo haina Ѣ wala Ѧ. Katika Word andika namba ya herufi kisha bonyeza Alt na X: 0463 inakuwa ѣ, 0467 inakuwa ѧ, 0482 inakuwa ҂. Titlo ni 0483 na huandikwa baada ya herufi inayoibeba, si kabla. Ukitanguliza, itaruka juu ya herufi ya nyuma.

Usitumie А, В, С au Р za Kilatini badala ya za Kikirili hata kama kwenye skrini hazina tofauti. Zikibadilishwa fonti zitatofautiana unene, na anayetafuta neno hilo kwenye faili halipati. Tena hapo mwanzo alfabeti hizi hazikuwa na herufi kubwa na ndogo. Unikodi imetoa zote mbili. Chagua safu moja uandike nayo mstari mzima.

Kabla ya kupeleka kwa mchapaji, geuza maandishi yawe michoro ndani ya faili la PDF. Fonti za Kiglagoliti hazipo kwenye mashine nyingi, na kinachotoka bila hivyo ni safu ya visanduku vitupu. Kisha mwombe karatasi ya majaribio, uikague ukiwa na orodha ya herufi mkononi, ukianzia na Ⰲ na Ⰴ.